Hesabu ya Pumzi

Ng'ombe wa mwisho aliondoka Machi, ndani ya lori la watu wa Iowa,
na Verlyn hakumtazama. Alikuwa ameinamia bomba la kisima
na ndoo ya lita ishirini na saa ya baba yake,
akihesabu.
Sekunde kumi, ikajaa. Akamwaga. Sekunde kumi tena.
"Lita mia na ishirini kwa dakika, Marlys,"
akasema, kama aliyeletewa salamu
na ndugu aliyekwisha kumfanyia matanga.

Nyuzi tisa.
Nyuzi tisa theluji ikifika kwenye kitasa cha mlango,
nyuzi tisa Julai mahindi yakitoka jasho:
maji yasiyojua msimu.
Trauti, akasema, hawaombi zaidi ya hapo.

Basi meza yangu ya jikoni ikawa ofisi.
Nyuma ya kalenda ya wauza mbegu akachora
lile tangi la maziwa tulilomaliza kulilipa juzi,
mfereji wa kukatiza zizini, kwenye nafasi ya Dagny, ya Pipi, ya yule kipofu,
na dimbwi la kutuliza uchafu kabla haujafika kijitoni.
Samaki mia nne. Asiongeze.
Tamaa, akasema, ni samaki wa mia nne na moja.

Hizo hesabu zake.
Mimi ndiye niliyeandika madeni miaka thelathini na mmoja,
najua namba inavyocheka ukiipa kalamu nzuri.

Bi Vang wa maabara ya jimbo akaja na chupa zake,
akadondosha dawa, akatikisa, akainua kwenye mwanga.
"Maji yenu ni baridi. Ni safi, ukiondoa chuma kidogo.
Lakini hayana pumzi.
Yamekaa mwambani hata yakasahau hewa.
Yaangusheni. Sinia juu ya sinia, zilizotobolewa.
Kadiri yanavyovunjika ndivyo yanavyobeba."
Hakuna aliyejibu.
Verlyn alikuwa akiangalia ua, mahali palipokuwa na kwato.

Akakata mabati ya ghala la nafaka, akatoboa kwa msumari
matundu elfu, mnara wa sinia saba.
Kufikia Jumapili la juu lilikuwa na kutu rangi ya chai,
na la chini lilikuwa likitoa maji
yenye kelele.

Tukanunua trauti kumi na wawili wa majaribio.
Alipokwenda mjini kutafuta vali
niliwatia kwenye pipa, wabanane kama watakavyobanana mia nne,
nikazima umeme.
Sikumwambia. Huku kwetu nguzo hulala chini kila upepo wa Aprili,
na kalenda yake haikuwa na Aprili.

Dakika ya tano, walizunguka.
Ya kumi na moja, midomo ilikuja juu, kumi na wawili,
ikifunguka na kufunga kama ya watoto wasiojua wimbo wa kanisani.
Ya ishirini na mbili mmoja akalala ubavu,
nikaona tumbo lake jeupe, na mkono wangu ukawa umeshawasha
kabla mimi sijaamua.

Chini ya hesabu zake nikaandika:
22. Jenereta kwanza. Samaki baadaye.

Alisoma mpaka kahawa ikapoa.
Hakuuliza nilijuaje.
Akafuta tangi la pili, akafuta kibanda cha kuuzia,
akachora kengele ya betri, na waya wake
akaupandisha ngazi, ukapita ukumbini,
ukaishia upande wangu wa kitanda.

Bado tunaamka saa kumi alfajiri. Mwili haujaambiwa.
Hakuna wa kukamuliwa. Tunalala chali gizani,
pampu inakohoa, inashika, na kule zizini
maji yanaanza kuanguka.
"Umelala?"
"Nahesabu sinia."

Yule wa ubavu alipona. Anakula kuliko wenzake,
na Verlyn, asiyejua kitu,
anamwita Mvivu.